Meza ya Rangi: "Shangazi, kisanamu changu kinanata"

Barua za safari hii ni nyingi na zimetoka kila upande wa dunia. Nimezifupisha, majina nimeyaondoa kama kawaida, na wale mlioniuliza bei ya kupakiwa sanduku zima nimewajibu pembeni. Kwa mgeni wa ukurasa huu: hapa tunazungumzia visanamu vya michezo ya mezani, vya kimo cha sentimita tatu hivi, mashujaa wenye panga na mazimwi wanaopambana nao. Vinatoka sandukuni vikiwa plastiki tupu, na kazi ya kuvipa rangi ni yako. Mimi ni mtoto wa Tanga, naishi Nottingham, Uingereza, na meza yangu ya kazi iko jikoni, dirishani, kwa sababu mwanga wa maana uko huko. Karibuni.

Shikamoo Shangazi. Kaka yangu aliniletea visanamu vya Reaper kutoka Texas, vile vya plastiki laini. Nikanunua kopo la rangi ya kupuliza kwenye duka la vipuri Kariakoo, nikapuliza kwa utaratibu kabisa. Leo ni wiki ya tatu na bado vinanata. Mwanangu akishika, alama ya kidole inabaki. Nimeanika juani, nimeweka mbele ya feni, wapi! Nifanyeje? (Mbagala, Dar es Salaam)

Marahaba. Vitoe juani, na feni irudishe sebuleni. Rangi yako haijachelewa kukauka, haitakauka. Plastiki ile ni PVC iliyotiwa vilainisho ili upanga ukipinda usikatike. Viyeyushi vya kopo la kupuliza vikikutana na vilainisho hivyo, rangi inabaki mbichi daima. Si kila kopo lina tabia hiyo. Hilohilo lako ukipulizia plastiki ngumu, ile inayokatwa kwenye fremu, huenda likakauka safi kabla hujamaliza kunywa chai. Ndiyo maana wapaka rangi wanabishana juu ya jambo hili mpaka usiku wa manane, kila mmoja na ushahidi wake mkononi.

Una njia mbili, na mimi ningeanza na ile nyepesi. Tafuta vanishi ya akriliki isiyong'aa, ya maji, ya kupaka kwa brashi. Paka koti moja jembamba juu ya huo unato, uache mpaka kesho yake. Mara nyingi inafunga, nawe unaendelea na rangi zako juu yake. Lakini ikiwa kopo limeshafukia sura, macho hayaonekani na meno ya zimwi yamezama, usihangaike kuokoa. Vua rangi yote uanze upya.

Kuvua rangi hakuhitaji dawa ya kuagiza ng'ambo. Dettol ile ya kahawia, unayotia kwenye maji ya kuogea, inatosha. Hapa Uingereza wapaka rangi wanaitumia miaka nenda miaka rudi. Mimina kwenye chupa ya jemu bila kuongeza hata tone la maji, tumbukiza visanamu, funga, acha usiku kucha. Asubuhi vaa glovu za mpira, toa kimoja kimoja, sugua kwa mswaki mkuukuu. Sasa hapa ndipo wengi wanapoumia: usisuuze kwa maji mapema. Maji yakikutana na rangi iliyolainika bila kutoka, inageuka utomvu mweusi unaoganda kwenye kila kona, na kuutoa ni kazi mara mbili. Chovya mswaki kwenye Dettol ileile, sugua mpaka plastiki ionekane, futa kwa tishu, ndipo uoshe kwa sabuni ya vyombo. Madirisha yawe wazi na watoto wawe mbali. Na paka wa nyumbani vilevile: dawa hiyo ni sumu kwao, wakiikanyaga watailamba kwenye nyayo.

Safari nyingine plastiki laini usiipulizie kabisa. Ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni, kwa sababu hutoka kiwandani ikiwa na mafuta ya kuiwezesha kutoka kwenye kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Kisha paka praima ya brashi, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine. Wahispania wa Vallejo wana ya kwao, ni ya maji na inakubali PVC bila ugomvi. Na kaka usimwagize kopo la kupuliza kutoka Marekani. Makopo ya rangi ya aina hiyo hayapandi ndege, si kwenye begi la mkononi wala la chini.

Binti yangu, asalaam alaykum. Mimi ni mstaafu, niko Maskati. Mwanangu alirudi na sanduku la mchezo wa mezani wa HeroQuest la mwaka 1989 alipokuwa akisoma Uingereza, na mwaka jana akawaletea wajukuu toleo jipya. Nimeamua kuvipaka rangi vyote kabla ya shule kufunguliwa. Maswali yangu: sanduku la zamani linatakiwa kuwa na visanamu vingapi, maana nahisi nusu vimepotea? Vya sanduku jipya panga zimepinda, nazinyoosha vipi? Je, ni kweli vya zamani vina sumu ya risasi? Na joto letu hili unalijua. (Maskati, Oman)

Wa alaykum salaam, na shikamoo Mzee wangu. Umenifurahisha. HeroQuest ndilo sanduku lililowatia wengi wa rika langu katika ugonjwa huu, lilitengenezwa na kampuni ya michezo ya Milton Bradley kwa kushirikiana na Games Workshop, kampuni ya visanamu ya hapa Nottingham.

Hesabu ya sanduku la zamani ni 35. Mashujaa ni 4: barbari, mbilikimo, elfi na mchawi, wote wa plastiki nyekundu. Wengine 31 ni maadui. Wa kijani ni orki 8, vibwengo 6, na fimir 3, yale majitu yenye jicho moja na mkia. Weupe ni viunzi vya mifupa 4, zombi 2, na maiti waliofungwa sanda 2. Wa kijivu ni askari wa giza 4, mchawi wao 1, na gargoili 1 mwenye mabawa na mjeledi. Anza kumtafuta huyo gargoili, kwa sababu ndiye watoto humwiba wakamfanya mchezo wa peke yake. Kwenye toleo la 2021 hutawakuta fimir. Nafasi yao imechukuliwa na viumbe wengine, kwa hiyo ukiona hesabu za masanduku mawili hazifanani usiwagombeze wajukuu.

Panga zilizopinda ni za kunyoosha kwa maji ya moto. Chemsha birika, mimina kwenye bakuli, usiweke juu ya moto. Shika kisanamu kwa koleo, zamisha upanga peke yake kwa sekunde chache mpaka ulegee, unyooshe kwa vidole, kisha papo hapo utumbukize kwenye maji ya barafu. Ukirudi kupinda, rudia. Na sanduku lisiachwe ndani ya gari wakati wa kiangazi cha huko, la sivyo utanyoosha tena vyote.

Risasi haimo kwenye HeroQuest, ile ni plastiki tupu, wajukuu wacheze bila wasiwasi. Wasiwasi ni wa visanamu vya chuma vya kabla ya mwisho wa miaka ya 1990, ambavyo vingi vilimiminwa kwa mchanganyiko wenye risasi. Ukikuta vya namna hiyo katika stoo yako, usivipige msasa mkavu, nawa mikono kila ukivigusa, na mtoto asipewe.

Ama joto. Shida yako haitakuwa rangi kukauka kwenye kisanamu, itakuwa kukaukia kwenye brashi kabla haijafika. Tengeneza kibao chenye maji: chukua kisanduku bapa cha plastiki chenye kifuniko, tandika sponji ya jikoni au tishu nene, lowesha mpaka maji yakaribie kuonekana juu, halafu laza karatasi ya kuokea. Weka matone ya rangi juu ya karatasi. Unyevu unapenya kutoka chini na rangi inabaki mbichi saa nyingi. Ukifunika, hata kesho unaikuta. Usikae mkabala na pumzi ya kiyoyozi, kwa sababu inakausha kuliko jua. Na mambo ya kupuliza nje achana nayo msimu huu. Kwenye joto kali rangi hukaukia hewani ikafika ikiwa vumbi, na siku za unyevunyevu wa baharini inafanya ukungu mweupe. Praima ya brashi, chumbani, Mzee wangu.

Shangazi, binti yangu wa miaka tisa anataka shujaa "anayefanana na mama". Nimejaribu: kahawia, nikatia nyeusi kwenye vivuli, nikaangaza kwa nyeupe. Ametoka kama aliyepakwa majivu. Mafunzo yote ninayoona ni ya ngozi nyeupe. Nisaidie, nisije nikamvunja moyo. (Minneapolis, Marekani)

Hii nimeisoma mara mbili kisha nikaenda kutoa kisanamu kwenye sanduku nijaribu upya huku naandika, ili nikupe kitu cha uhakika.

Yale makopo mawili, nyeusi na nyeupe, yafungie kabatini. Ndiyo yaliyokuharibia. Nyeupe ikichanganywa na kahawia inazaa rangi ya chaki, na nyeusi inaua uhai wote wa ngozi, kwa sababu ngozi yetu vivulini haiwi nyeusi. Inaelekea zambarau, au buluu, au wekundu wa damu ya mzee. Na mwanga ukiipiga haiwi nyeupe. Inaelekea chungwa na dhahabu.

Basi fanya hivi. Rangi ya chini iwe kahawia iliyoiva kabisa yenye wekundu kwa mbali. Mimi natumia Rhinox Hide ya Citadel, rangi za Games Workshop. Izimue kwa maji kidogo, paka makoti mawili mepesi, usiwe na haraka ya kufunika kwa koti moja nzito, maana sura ya kisanamu ni ndogo na koti nzito inaziba pua. Ikikauka, chukua rangi hiyohiyo utie ncha ya brashi tu ya buluu iliyokolea, uizimue sana, uiteremshe chini ya kidevu, ndani ya mashimo ya macho, chini ya mfupa wa shavu, na katikati ya vidole. Hivyo ndivyo vivuli vyako.

Sasa mwanga. Ongeza Mournfang Brown, kahawia nyepesi zaidi ya Citadel haohao, kwenye rangi ya chini, nusu kwa nusu, upake sehemu zilizoinuka. Kisha Mournfang Brown peke yake, eneo dogo zaidi. Kisha Mournfang na tone la Cadian Fleshtone, rangi yao ya ngozi nyepesi, na hapa uwe bahili: paji la uso, kilele cha shavu, mgongo wa pua, fundo la bega, vifundo vya vidole. Nukta, si mstari. Hapa ndipo mafunzo ya ngozi nyeupe yanapowapoteza watu. Ngozi nyeupe hupanda polepole kutoka kivuli mpaka mwanga, hatua nyingi laini. Ngozi nyeusi hung'aa: eneo kubwa linabaki limekolea, halafu mwanga unakaa mahali padogo, mkali, wenye ukingo. Simama mbele ya kioo karibu na dirisha saa kumi jioni ujiangalie mwenyewe uone mwanga umekaa wapi. Mtoto amekupa kazi ya kukufanania, basi kielelezo unacho bure.

Ukiwa wa maji ya kunde, anzia Mournfang Brown badala ya Rhinox Hide, vivuli uvitie kwa wekundu, na mwisho uongeze Cadian zaidi kidogo. Ukiwa mweusi ti, baki na Rhinox Hide kwa eneo kubwa, na mwanga wa mwisho uuchanganye na chembe ya buluu hafifu badala ya Cadian. Utaona tofauti mara moja.

Mdomo wa chini uguse kwa mchanganyiko wa rangi ya chini na nyekundu ya zabibu. Viganja viwe na mwanga kuliko mgongo wa mkono. Watu wengi wanasahau hilo, nao ndio ushahidi wa kwanza kwamba mpakaji amewahi kumtazama mtu mweusi kwa karibu. Jicho lisitiwe nyeupe safi, litatoa macho ya mtu aliyeshtushwa. Tumia rangi ya pembe ya ndovu, halafu kitone cheusi.

Kuna jambo la nywele. Visanamu vingi vya mashujaa wa kike vimechongewa nywele ndefu zinazopeperuka, na ukizipaka nyeusi bado si za mama. Nunua udongo wa Green Stuff, ule wa vipande viwili, wa njano na buluu, unaokandwa mpaka uwe kijani. Una kama saa moja na nusu kabla haujagoma. Ukandamize mwembamba, ukate ukanda, umfunge kilemba juu ya hizo nywele, lowesha vidole visinate. Kikishakuwa kigumu, kipake kitambaa chekundu chenye pindo jeusi na vitone vyeupe. Vitone vitatu vinne vinatosha, macho ya mchezaji yatajaza vilivyobaki. Mimi wangu nimemfungia hivyo leo, na shoka lake bado ni la plastiki tupu. Uso kwanza. Binti akikubali uso, mengine yote atakusamehe.

Shikamoo Shangazi. Mama mkwe amekuja kututembelea akaona meza yangu, mafuvu, mazimwi na kila kitu. Akasema nyumba ya Kiislamu haiwekwi masanamu, na mume wangu amekaa kimya. Nifanyeje? (Mji wa Kale, Mombasa)

Marahaba mwanangu. Mimi si shehe, na hukumu ya sanamu wanazuoni wana mjadala wao mrefu ambao sitautia mguu. Ila nitakwambia usifanye nini: usimjibu mama mkwe kwa dalili ulizosoma kwenye simu. Mkitaka fatwa, mume wako amwendee shehe mnayemwamini akiwa na kisanamu chenyewe mfukoni. Ukimweleza mtu kwa maneno kwamba una "sanamu la zimwi nyumbani" anapata picha nyingine kabisa, kumbe ni kete ya mchezo isiyozidi kidole.

Hilo la kete ndilo la kumweleza mama, kwa upole, wakati wa chai. Havisujudiwi, havitundikwi, havina kazi nje ya mchezo. Mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za vita vya askari wa kuchezea, Little Wars, mwaka 1913. Mwaka 1974 huko Lake Geneva, Wisconsin, Gary Gygax na Dave Arneson wakatoa mchezo wa Dungeons & Dragons, na mazimwi yakaingia mezani kwa wingi. Ni hadithi za kubuni, naye mama hakosi kuwa amesimulia za majini na vibwengo tangu wewe hujaolewa.

Halafu tazama meza yako kwa jicho lake. Je, mafuvu yamepangwa kwenye kabati la kioo sebuleni, wageni wanaposalia? Yaondoe. Visanamu vikimaliza mchezo virudi sandukuni na sanduku liende chumbani. Hata mimi, ambaye sina mama mkwe wa karibu, sipendi kuviona vimepangwa, vimetengenezwa vichezewe.

Na kama mtaamua viumbe wote waondoke, bado kazi ipo. HeroQuest niliyoitaja hapo juu ina samani zake: meza, kabati za vitabu, kiti cha enzi, sanduku la hazina, milango. Vyote hivyo vimechongwa vifanane na mbao, na wewe unaishi katikati ya milango ya nakshi iliyo mizuri kuliko yote iliyowahi kunakiliwa na watengenezaji hawa. Paka kahawia iliyokolea, futa brashi kwenye tishu mpaka karibu rangi yote iishe, kisha pitisha juujuu kahawia nyepesi. Mistari ya mbao inajitokeza yenyewe. Vitasa utie rangi ya shaba na kitone cha kijani ya kutu ya chumvi. Mpe mama mkwe mlango mmoja aushike. Nisimulie amesemaje.

Sasa Shangazi. Nimenunua brashi namba 000 ili nipake macho, lakini rangi inakauka kwenye ncha kabla sijafika. Nina mkono mbaya ama? (Nairobi)

Mkono wako ni mzima. Brashi ya 000 haina tumbo la kubebea rangi, kitone chake kinakauka njiani. Unachotaka ni ncha kali, si brashi ndogo. Chukua namba 1 au 2 yenye ncha nzuri, na macho utayapata. Wenye pesa wanasifia Series 7 ya Winsor & Newton, ya manyoya ya kolinsky, mnyama wa jamii ya kicheche; ilianza mwaka 1866 kwa agizo la Malkia Victoria. Mwaka wa kwanza huhitaji hiyo, utaiua tu. Nenda duka la vipodozi: brashi za kuchorea kucha zina ncha ya kutosha kwa vitu vidogo, na ile ya mviringo ya poda ya uso ni bora kuliko nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kupaka kavu, yaani kwa brashi iliyofutwa karibu rangi yote. Rangi isipande hadi shingo ya bati. Osha kwa sabuni ya kipande, uichonge ncha kwa vidole, uilaze. Na asetoni ya kuondolea rangi ya kucha isikaribie plastiki, inaiyeyusha.

Shangazi, habari za huko. Nina visanamu zaidi ya hamsini vya maadui, na tangu Krismasi nimemaliza vitatu. Mke wangu anajifungua karibuni. Kuna njia ya mkato? (Kigali)

Hongereni mapema! Njia ipo, na sioni aibu yoyote kuitumia. Adui anatazamwa kutoka umbali wa mkono uliokunjuliwa, tena kwa dakika chache kabla hajauawa. Hivyo vitatu ulivyovimaliza weka pembeni, usivitazame tena, ndivyo vinavyokuchelewesha.

Paka vyote praima nyeusi. Kwa brashi kavu pitisha kijivu mwili mzima, kisha nyeupe kutoka juu tu, kichwani na mabegani, mahali jua lingepiga. Tayari una vivuli na mwanga bila kuchora kitu. Halafu juu yake mimina rangi zile nyepesi zinazojikusanya mashimoni zenyewe: Contrast ya Citadel, iliyotoka 2019, au Speedpaint ya Army Painter wa Denmaki. Koti moja, basi. Ukinunua Speedpaint hakikisha ni toleo la 2.0, la mwaka 2023. Lile la kwanza ukipitisha rangi nyingine mbichi juu yake lilikuwa linaamka na kuchanganyika, na huenda bado ukalikuta dukani.

Vipange kwa aina. Ngozi zote za vibwengo kwa mkao mmoja, kisha ngozi za mikanda yote, kisha vyuma vyote. Ukianza kumaliza kimoja kimoja utarudi kulekule. Macho usipake, isipokuwa ya jitu kubwa. Ukingo wa kitako upake rangi moja kwa wote, nyeusi au kahawia, nadhifu. Jicho likiona vitako vinalingana linasadiki jeshi zima limekamilika. Mwisho vanishi isiyong'aa, kwa sababu mikono ya wachezaji ina jasho na chipsi.

Shangazi, tuko Leicester, wanangu wawili wanaomba tuje kwenu Nottingham kuona visanamu. Inafaa nauli? (Leicester, Uingereza)

Inafaa, treni yenyewe ni kama nusu saa. Nendeni Warhammer World, Lenton, makao makuu ya Games Workshop. Mtajua mmefika mkiona sanamu kubwa la askari wao nje. Citadel, tawi lao la visanamu, lilianza 1979 jirani hapo Newark, ndiyo maana eneo hili limejaa wachongaji na wamiminaji. Ukumbi wa maonyesho una vita vizima ndani ya vioo. Onyo moja: vile vya kwenye vioo vimepakwa na mabingwa, na mtoto anaweza kutoka pale ameapa hagusi tena brashi. Chukueni muda mfupi kwenye vioo na mrefu kwenye meza za kuchezea. Mkipita, nipigieni hodi kupitia gazeti.

Shangazi, mume wangu amenunua mchezo wa mezani wa Gloomhaven. Amepaka mashujaa sita wa mwanzo, sasa anataka kufungua yale masanduku madogo yaliyofungwa gundi, apake na wengine kumi na moja "ili asipoteze muda baadaye". Mimi nasema ni dhambi. Tuamulie. (Toronto, Kanada)

Uko upande wa haki. Masanduku yale hufunguliwa shujaa aliyemo anapostahili kuingia mchezoni, na nusu ya utamu ni kutojua nani yumo. Mwambie maadui wa Gloomhaven ni makaratasi ya kusimamisha, hawana cha kupakwa, kwa hiyo amemaliza kazi yake mapema kuliko yule ndugu wa Kigali na hana haki ya kulalamika. Akiona mikono inamwasha, ampake upya yule wa kwanza aliyempaka. Najua anamtazama kwa jicho baya. Masanduku yafiche wewe.